Mabenchi Yamejaa

Jumapili ile Mchungaji Ambilikile alipanga mabenchi yote kumi, ingawa moja lingemtosha. Mazoea tu. Miaka sita tangu aletwe huku kisiwani, Kilindoni, kutoka Tukuyu, waumini walikuwa wakimponyoka mmoja mmoja. Mwalimu kahamishwa, bwana samaki kahamishwa, na waliobaki, loo! Wamejilaza kitandani, simu kifuani, wanamsikiliza nabii wa Dar mwenye taa za rangi.

Amechoka, jamani, amechoka hasa. Na makao makuu yameshaandika: leo atume picha ya ibada. Watu wasipofika ishirini, kanisa linafungwa, arudi bara.

Saa nne ilifika. Aliyekuwepo ni nesi Elinami peke yake, katoka zamu, anasinzia benchi la mbele.

"Hodi!"

Alikuwa Bi Biubwa, jirani yake muuza mihogo, na nyuma yake wanawe, wakwe zake, wajukuu, hata mzee Awadh wa dukani na kofia yake.

"Shikamoo, Bi Biubwa. Kuna nini?"

"Marahaba. Si juzi ulinilalamikia uani kwamba wanataka watu? Watu hawa." Akawageukia wenzake. "Kaeni, mjibane! Hatuimbi, hatuombi, tunakaa tu. Piga picha upesi, mihogo yangu iko motoni."

Mchungaji aliinua simu. Kioo kilijaa mabuibui na wajukuu meno nje.

"Bi Biubwa, kule bara watadhani mmeokoka."

"Astaghfirullah!" Alicheka mpaka akashika mbavu. "Ulipobeba jeneza la marehemu mume wangu, nani alisema umesilimu? Piga, bwana!"

Akapiga. Akawasindikiza hadi barabarani, akawashukuru mmoja mmoja, akarudi ndani. Miaka sita alimlilia Mungu mabenchi yajae. Leo yamejaa, naye hana wa kumwonyesha bila kudanganya. Alikaa akalia, bila kuona haya.

Kisha akampiga picha Elinami, kichwa kimelala begani, mabenchi tisa matupu nyuma yake. Hiyo ndiyo aliyoituma.

Jibu lilikuja kabla ya adhuhuri: funga, uje.

Alasiri alikuwa akipanga vitabu vya nyimbo kwenye boksi, sauti ikamwita kutoka uani.

"Mchungaji! Tumetoka vizuri?"

Alifungua simu, akawatazama tena wote.

"Mmetoka vizuri sana, Bi Biubwa."