Alama ya Hina

Feri ya saa tatu iliondoka na malori mawili ya mchanga na gari moja la serikali, na watu wa miguu wakaambiwa wangoje ya pili. Mwanatabu alisimama kwenye mteremko wa Likoni, karatasi ameishika kwa ncha za vidole ili isilowe jasho. Mjomba wake, Matano, alikuwa ameiandika kwa kalamu ya risasi, na risasi hufutika.

Mama yake Mwanatabu alikuwa amekata roho alfajiri, siku ya Jumanne. Kabla jua halijapanda juu ya paa za makuti Mjomba Matano alikuwa ameshagawa kazi zote. Vijana wa kuchimba walikwenda na majembe. Wanawake waliteka maji. Mwanatabu akaitwa.

"Wewe utavuka. Kwanza redioni, upeleke karatasi hii. Kisha dukani uchukue sanda na ubani. Adhuhuri uwe umerudi, mamako aoshwe. Tunazika baada ya alasiri."

"Na Bakari, mjomba?"

"Si ndiyo hiyo karatasi?"

Bakari alikuwa nduguye wa pekee. Alivunja mawe Mwakirunge, huko nyuma ya Kisauni, na alilala kambini wiki nzima mpaka Jumamosi. Ndiye aliyestahili kushuka kaburini ampokee mama yake. Hakuna aliyewaza kumtuma mtu wa kumfuata. Hawakuwa wamezoea kuwaza hivyo. Kwa miaka mingi kifo cha Likoni kilipelekwa redioni asubuhi, na saa sita unusu redio ya Mombasa ikaita. Baba yao alipofariki mwaka wa hamsini na nane, watu walitoka Magongo, wakatoka Utange na Tiwi, na Bakari akaingia uani huku vumbi la mawe lingali kwenye nyusi, jeneza halijainuliwa.

Msomaji alikuwa na namna yake. Aliita kwanza jina la mtu na mahali alipo, kisha akanyamaza. Kimya kile kilitosha mtu kukimbia akamwite mwenzake. Kule Mwakirunge mpishi wa kambi, Kache, alikuwa na kipande cha chuma cha reli kimetundikwa mlangoni pa jiko. Akisikia jina la mtu wake alikipiga, nao waliokuwa wakila huacha sahani. Ndipo msomaji husoma habari yenyewe, polepole, mara mbili. Na katika nyumba za Likoni zisizo na redio, watu walipita mlango kwa mlango wakiuliza, "Wameita nani?"

Redio ya mama yao ilikuwa kimya tangu mwezi wa mfungo. Betri ilikuwa imekwisha na Bakari alikuwa ameahidi kuleta nyingine. Watu walisema redio imehamia Nairobi. Mwanatabu alidhani waliohama ni wakubwa wake, kama wakubwa wanavyohama.

Alifika ng'ambo saa nne kasorobo. Sanda aliichukua kwanza, kwa kuwa duka lilikuwa njiani, akaikumbatia pamoja na ubani ndani ya kanga. Nyumba ya redio ilikuwa pale pale, na ukuta wake mweupe na ngazi zake tano. Dirisha dogo ambalo watu walipitishia karatasi lilikuwa limezibwa kwa mbao. Mlangoni palikuwa na benchi, na kwenye benchi mzee mwembamba mwenye kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono, mapajani ana bunda la fomu.

"Karibu, mwanangu. Ni tangazo?"

Mwanatabu alisahau kumwamkia. Sauti ile aliijua kuliko sauti za watu wengi wa nyumbani kwao.

"Wewe ndiwe Bwana Boga."

"Ndimi."

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani amefariki?"

"Mama."

Mzee Boga aliinamisha kichwa, akaomba dua fupi, akaichukua karatasi. Aliisoma kwa midomo, na Mwanatabu akaona midomo inatua baada ya jina la Bakari, mahali pa kile kimya.

"Utaisoma saa sita unusu?"

"Mimi sisomi tena. Nagawa fomu." Aliangaza macho kwenye chumba cha kioo nyuma yake. Ndani kulikuwa na viti vimepandanishwa hadi dari, na magunia ya karatasi kuukuu. "Mashine zilikwenda na gari moshi mwezi wa pili. Sasa matangazo yanapigiwa simu Nairobi, yasomwe huko kwa nchi nzima. Njoo, nitakujazia."

Alijaza kwa mwandiko mzuri wa mviringo, kisha akampeleka ndani kwa karani. Karani alikuwa kijana wa bara, Elkana, shati limepigwa pasi, na alisimama kumpa Mwanatabu kiti.

"Pole sana, mama. Barua ya chifu iko wapi?"

"Barua gani?"

"Ya kuthibitisha kifo. Watu wengine walileta matangazo ya uongo, ndiyo ofisi ikaamua hivyo."

"Chifu yuko Likoni, baba. Mimi nimetoka Likoni."

"Nafahamu, mama. Lakini ndiyo sheria."

Mzee Boga, aliyebaki mlangoni, akakohoa. "Bwana Elkana, huyu namjua. Babake nilimsoma mimi, mwaka wa hamsini na nane. Niandike mimi kuwa shahidi."

Elkana alitazama fomu, akatazama sanda iliyokuwa ikichungulia kwenye kanga. Aliandika jina la Boga pembeni. Halafu akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu.

"Haya ni maneno arobaini na saba. Mwisho ni ishirini."

"Ishirini hayatoshi kutaja jamaa."

"Watu ni wengi sasa, mama. Zamani ilikuwa redio ya mji mmoja. Sasa ni ya taifa. Hata Kisumu watasikia kuwa mamako amefariki."

"Kisumu sina mtu."

Elkana alikaribia kucheka, akajizuia. Alimgeuzia fomu. "Tuchague pamoja."

Wakachagua. Wa Tiwi waliondoka kwanza, kwa kuwa kule huenda habari ikafika kwa baiskeli. Likaondoka jina la ukoo wa mama. Zikaondoka sala. Elkana alipotaka kufuta "machimboni" Mwanatabu aliweka kidole juu ya neno, na kijana akaliruka. Mwishowe akasoma kilichobaki:

"Bakari Salimu, Mwakirunge machimboni, njoo Likoni leo kabla ya alasiri. Mamako Mwanarehema amefariki. Jamaa wa Magongo na Utange pia mje."

"Ishirini kamili," alisema, kama aliyefurahi kwa niaba yake. "Yatasomwa saa saba na robo, baada ya habari."

Mwanatabu akamsahihisha. "Saa sita unusu, baba."

"Saa saba na robo."

"Machimboni wanakula saa sita. Saa saba inapigwa kengele wanarudi shimoni. Saa saba na robo jikoni hakuna mtu ila mpishi."

"Mpishi hatawaambia?"

"Ikiwa redio iko wazi."

"Mama, saa si yangu. Imepangwa Nairobi." Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulioziba kila njia. "Kama ningekuwa na uwezo ningekusomea sasa hivi. Wallahi." Neno lile alikuwa amejifunza Mombasa, na bado lilimkaa vibaya mdomoni.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasorobo. Mwanatabu alipiga hesabu ya njia. Daraja la Nyali, basi la Kisauni, kisha miguu juani mpaka machimboni, na machimbo yako matatu. Angefika saa nane. Wakirudi wawili wangefika Likoni jua linatua. Na sanda ilikuwa mikononi mwake, na mama yake alikuwa kitandani pasi na sanda. Lau asubuhi angetumwa mtu Mwakirunge moja kwa moja, sasa angekuwa anakaribia. Wazo hilo lilikuja jepesi kabisa, likakaa.

Mzee Boga alimsindikiza hadi ngazini. Pale alisimama, ile karatasi ya Mjomba Matano bado mkononi mwake, kwani ofisi haikuihitaji. Akaisoma. Hakupaza sauti.

"Bakari bin Salimu. Bakari bin Salimu, aliye Mwakirunge."

Akanyamaza. Mchukuzi aliyekuwa akipita na mkokoteni alisimama katikati ya njia, akageuka kutafuta sauti inakotoka. Mwanamke mmoja naye akasimama. Kimya kilikuwa cha urefu ule ule.

"Watakiwa nyumbani Likoni..."

"Mzee Boga!" Elkana aliita kutoka ndani. "Fomu zimekwisha huku."

Mzee akaikunja karatasi mara nne, akamrudishia. "Labeka," akajibu, akaingia.

Walimwosha mama yao adhuhuri. Saa saba na robo Mwanatabu alitoka, mikono bado inanuka karafuu maiti, akaenda kusimama nje ya mkahawa wa jirani ambako redio ilikuwa juu ya kabati la vikombe. Bi Jumwa wa nyumba ya pili alimfuata. Walisikia habari za mkutano wa katiba huko Ulaya. Walisikia habari za njia ya reli iliyofungwa Nakuru. Kisha msomaji akaanza orodha ya vifo vya nchi nzima, na kila kifo kilifuata kingine mbiombio, na wao Likoni walijua wao ndio waliosomwa pale tu jina lilipokwisha kupita. Maneno ishirini. Baada yake ikaja bei ya mahindi.

"Ndiyo hivyo tu?" Bi Jumwa aliuliza.

"Ndiyo hivyo tu."

"Mbona msomaji hakungoja?"

Alasiri waliswali. Wa Magongo alifika mmoja, shangazi, ambaye alisikia kwa bahati alipokuwa akinunua mafuta ya taa. Wa Utange hakufika hata mmoja. Mwanatabu alimwendea Mjomba Matano upenuni, mbele ya wanaume.

"Mjomba, tumngoje mpaka magharibi."

"Amesikia au hakusikia?"

"Sijui."

"Basi twamngoja mtu ambaye hatujui kama anakuja?" Mjomba hakuwa mkali. Alikuwa amechoka, kanzu imelowa mgongoni. "Maiti haiwekwi, mwanangu. Watu watasema tumemweka mamako kama mzigo wa bandarini."

"Nani atashuka kumpokea?"

"Nitashuka mimi. Na Shee wa msikiti."

"Shee hakuwa jamaa yake."

Mjomba Matano alivua viatu, akaviweka sambamba kando ya ukuta. Wakainua jeneza. Wanawake walibaki uani, kama ilivyo ada, na Mwanatabu akasimama mlangoni akitazama upande wa feri hadi sauti za wanaume zilipopotea.

Bakari alikuja Jumamosi mchana, betri ya redio begani, imefungwa kwa kamba ya katani. Mwanatabu alipomwona mwendo wake tu alijua kuwa ameshaambiwa.

"Nani amekwambia?"

"Muuza njugu, pale feri. Kanambia pole kwa msiba. Nikamuuliza msiba gani." Aliteremsha betri chini. "Akadhani namfanyia mzaha."

Mwanatabu alimweleza yote, tangu karatasi hadi maneno ishirini. Bakari alisikiliza akiwa amechuchumaa, akikwangua chokaa ya mawe kwenye kucha.

"Jumanne," alisema. "Jumanne tulirudi shimoni saa saba. Kache huzima redio kengele ikilia. Betri ni yake, ainunua kwa jasho lake. Siwezi kumlaumu." Akaongeza, "Jumanne mchana nilikuwa nacheka. Kuna mtu alianguka na karai la maji, tukamcheka hadi jioni."

Hakwenda kaburini siku ile. Alikwenda asubuhi ya Jumapili, peke yake, akarudi na magoti yamejaa mchanga. Kisha akaishusha redio ya mama yake kutoka rafuni, akaipangusa, akaunga nyaya za betri mpya mmoja mmoja. Mwanatabu alikuwa akichambua mchele wa hitima. Hakumzuia.

Kwenye kioo cha redio palikuwa na alama nyekundu. Mama yao hakujua kusoma namba. Siku redio ilipoingia nyumbani alichovya njiti ya kiberiti kwenye hina, akatia nukta mahali redio ya Mombasa iliposikika vizuri, na kila nukta ilipofifia aliitia upya. Bakari alizungusha kitufe mpaka sindano ikakaa juu ya hina. Taa ya ndani ikawaka. Redio ikavuma, sauti ya kitu kinachokaangwa mbali, bila neno.

"Songeza," alisema Mwanatabu. "Nairobi iko kulia."

"Iache."

"Utamaliza betri bure."

"Iache hapo."

Akakaa mbele yake, mikono juu ya magoti. Ule mvumo ukajaa chumbani, ukatoka mlangoni, ukaenda uani. Saa ya msikiti ilikuwa sita unusu. Nyayo zikasikika, na Bi Jumwa akatokea kizingitini, bado kashika mwiko wa uji, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama alivyokuwa akifanya miaka yote.

"Nimesikia redio yenu imefufuka," alisema. "Wameita nani?"