Mapazia ya Motokaa ya Kamaludin

Kama mtaa wa Kibokoni uliwahi kupata mtu wa kumficha mkewe kwa kumpigia ngoma, basi ni Kamaludin. Bwana huyu, muuza samli, alinunua motokaa kuukuu kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirejea kwao vita vilipokwisha, na kabla hata ya kujua kuirudisha nyuma, alitundika mapazia. Mahameli nyekundu, wallahi! Juu ya kila dirisha la nyuma alinyoosha waya, na misumari aliigongomea kwa mkono wake mwenyewe. Fundi hakumtaka, maana fundi angekalia kiti atakachokalia mkewe. Wivu gani huo, wa kukionea kiti!

"Mke wangu hataonekana hata ukucha," aliwaambia watu wa barazani. "Na misumari nimeipiga mimi."

Siku ya kwanza ya kumtoa mkewe, Mwanakuu, walipoingia tu barabara ya Ndia Kuu, honi ikalia. Wala haikulia mara moja ikanyamaza. Ilishika paaaaa bila kupumua, mpaka msikitini. Wanaume wakainuka barazani, madirisha ya ghorofani yakafunguka. "Nani huyo?" "Si mke wa Kamaludin!" Ukucha haukuonekana, ni kweli, lakini mji mzima ulijua Mwanakuu ametoka saa ngapi na amekwenda kwa nani. Safari ya pili ikawa yale yale. Baada ya ya tatu Kamaludin alitoa amri: mke hatoki mpaka motokaa ipone. Na kwa miguu? "Mke wa Kamaludin kwa miguu? Audhubillahi!"

Mwanakuu akakaa ndani, mwezi ukaandama, ukafa. Na Alhamisi iliyokuwa ikija, mdogo wake, Mwanakhamis, angetiwa hina ya harusi kwao Mbaraki. Mama yao alikufa Mwanakhamis angali mchanga; Mwanakuu ndiye aliyemlea, na alimwapia kwamba mkono wa kwanza kumtia hina utakuwa wake yeye.

Fundi Fakhruddin, mwenye gereji, aliitwa. Akafunua boneti, akabadilisha kitufe cha usukani. Akabadilisha honi yenyewe. Akaiendesha hadi Mbaraki na kurudi, kimya, adabu tupu. Mwanakuu akipanda tu, paaaa! La kuvunda halina ubani. Gharib, binamu yake Kamaludin, alitoa fatwa barazani kwamba ni marashi ya mwanamke yanayoingia kwenye nyaya. Naye maisha yake hajapata kushika waya ila wa kuanikia nguo.

Jambo lenyewe lilikuwa wazi, ila kwa wenye akili. Fakhruddin aliipima motokaa ikiwa tupu, na katika motokaa tupu nani atafunga pazia? Na Kamaludin alikuwa radhi ameze spana kuliko kumruhusu fundi aipime mkewe akiwa ndani. Kwa hivyo mtu mmoja tu ndiye angeweza kulijua kosa, naye ndiye asiyeulizwa.

Mwanakuu alikwisha kulijua. "Bwana," alimwambia usiku mmoja kwa upole, "honi hulia pazia likifika mwisho, ile pete yake ya shaba ikigusa chuma cha mlango."

"Umeme na pazia, wapi na wapi?" Kamaludin akacheka. "Shughulika na jiko lako."

Mwanakuu akaenda jikoni, lakini aliwaka.

Alhamisi Fakhruddin aliileta motokaa, akasema nyaya zote za mbele ni mpya, na ikilia tena atafunga gereji. Baada ya alasiri wakatoka, Mwanakuu na bakuli la hina mapajani. Walipofika mbele ya baraza iliyojaa, Kamaludin akaamrisha, "Funga pazia!"

Paaaaa!

"Fungua!" Kimya. "Funga!" Paaaaa! "Fungua! Hapana, funga! Fungua, nakwambia!" Baraza nzima ilicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kamaludin, jasho likimtiririka, akazima motokaa. "Twarudi nyumbani."

Fakhruddin, aliyeisikia honi, akafika mbio, akihema. Ndipo kutoka kiti cha nyuma ikasikika sauti ya kike ambayo baraza ile haikupata kuisikia.

"Fundi Fakhruddin, masalkheri. Juu ya mlango huu pana msumari. Hebu tazama chini yake pamepita nini."

Maskini fundi, akaingiza mkono dirishani huku uso ameuelekeza msikitini, akawa anapapasa kama anayetafuta sindano gizani. Mara akajipiga kipaji cha uso. "Lo! Kitufe cha Mzungu!" Akaeleza kwamba yule Mzungu hakumwamini dereva wake, akajitilia kitufe cha honi huku nyuma apige mwenyewe. Kitufe kilitolewa, waya ukabaki. Msumari umeutoboa, umeme wapanda kwenye waya wa pazia, na pete ikigusa chuma, honi yalia. "Lakini ni fundi gani mpumbavu aliyepiga msumari hapa?"

Baraza nzima ikamgeukia Kamaludin. Wote walijua, kwa maana alijisifu mwenyewe.

Fakhruddin akatoa koleo, akamkabidhi. "Ung'oe wewe, bwana. Mimi kichwa changu sikiingizi humo." Kamaludin akaung'oa, na mahameli yote ya upande ule wa baraza ikamwangukia mikononi.

"Kesho nitakutundikia vizuri," fundi akasema.

"Kesho!" Kamaludin akalidaka neno. "Basi twende kesho."

"Hina ni leo," alisema Mwanakuu, na mkono wake ulikuwa kwenye kitasa. "Ukigeuza, nateremka hapa hapa, naenda Mbaraki kwa miguu, mbele ya hawa wote."

Kamaludin aliitazama baraza, akautazama mkono ule, akawasha motokaa.

Na wale wanaume, waliokuwa wakiinuka kila honi ilipolia? Walipoona hapana pazia, kila mmoja aliinamisha macho, kama walivyofunzwa na mama zao. Gharib aligeukia ukuta, mwengine akashughulika na tasbihi yake. Hakuna aliyemtazama Mwanakuu. Walimtazama dereva tu, aliyekuwa akienda na furushi jekundu mapajani.

Mbaraki, Mwanakhamis alikuwa amekaa kitako mkekani, mikono mitupu, shangazi zake wamenuna kwa kungoja. Alipomwona dadake mlangoni aliangua kilio.

"Masikio yangu yalikuwa ndiani tangu alasiri," alisema. "Sikusikia honi, nikajua hukupewa ruhusa."

Mwanakuu akaketi, akaushika mkono wa mdogo wake, akafunua bakuli.