Kinga ya Bwana Polepole

Sipendi mtu anayepaka rangi juu ya kutu. Mimi ni fundi wa baiskeli, au kinga kama tunavyoziita huku, na niko Kadutu tangu Bukavu ikiitwa bado Costermansville. Nimeona mengi, lakini rangi juu ya kutu hunipandisha hasira kuliko hata mwizi wa pampu. Ni kumvika mgonjwa shati safi na kutangaza amepona. Basi Jumanne ile Léopold aliponiletea kinga nyeusi iliyojaa mapele ya kutu, nilianza kukasirika kabla hajanisalimia.

Léopold alikuwa boi wa Bwana Polepole, Mbelgiji mmoja wa Muhumba, mtaa wa wazungu, mkubwa katika kampuni ya kahawa. Jina hilo tulimpa sisi. Ndilo neno la Kiswahili alilolipenda, na aliwaambia hata watu waliobeba gunia kichwani, wanaotaka kulitua upesi. Mwaka huo wa 1957 alikuwa anafunga masanduku yake arudi kwao, na alitaka kinga itengenezwe apate kuiuza. Léopold akanihakikishia kwamba ni kinga ya mbio, kinga ya mabingwa, mimi mwenyewe nione usukani wake uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Nikamuuliza bingwa gani huyo, jina lake nani. Yeye akaenda zake.

Niliigeuza magurudumu juu nikaichunguza. Kinga ya bingwa unaiinua kwa vidole viwili. Hii ilitaka mgongo. Bomba zake zilikuwa za chuma kizito, rimu za chuma, mikono ya pedali imeshikwa kwa pini za kugongwa na nyundo. Ilikuwa ile ya bei ya chini kabisa, ambayo mtoto wa kizungu hununuliwa akipasi darasa, aichezee mwaka mmoja kisha aisahau. Uzuri wake ni kwamba haifi, na forku yake, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ina nafasi pana, unaweza kuitia tairi nene ukaenda nayo popote. Lakini kilichonisumbua ni kingine. Katika mji mzima nilikuwa nimewahi kushika kinga moja tu ya namna hiyo, na ile haikuwa nyeusi.

Nikachukua kipande cha chupa nikaanza kukwangua. Chini ya rangi nyeusi ikatokea bluu. Nikaendelea kukwangua mpaka jasho likanitoka, na kila palipokuwa peusi palitokea bluu. Nikafungua usukani, nikavuta forku.

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Fundi wa Kadutu akifungua kinga ya mtu mpaka ndani, hukwaruza alama yake na mwezi juu ya shina la forku, pale linapojificha ndani ya bomba, ambapo macho ya mwenye kinga hayafiki. Kesho mteja akija kupiga kelele kwamba umemwibia gololi zake, unafungua mbele yake na kumwonyesha nani aliingia humo mara ya mwisho. Mafundi wote tunajua jambo hilo. Wazungu hawalijui, na polisi wao pia hawalijui.

Kwenye shina lile palikuwa na alama mbili. Ya kwanza ilisema B 3-53. B ni mimi, Bulonza, na mkono ulikuwa wangu. Ya pili, chini yake, ilisema PH 11-53.

Ya Machi niliikumbuka. Kaka yangu Alphonse ndiye aliyekuwa boi wa Bwana Polepole wakati huo, na ndiye aliyeniletea kinga ile niitie gololi mpya. Ilikuwa mali ya mtoto wa bwana wake. Mwezi wa Agosti ikapotea. Alphonse akashikwa, akahukumiwa kwa wizi, akala miezi sita gerezani pamoja na fimbo, na alipotoka akanyimwa ruhusa ya kukaa mjini. Tangu hapo yuko Bunyakiri, anachimba mifereji katika shamba la mzungu mwingine. Mke wake Nsimire alirudi kwao. Mama yetu Rosalie alikufa akiamini kwamba amezaa mwizi. Na mimi niliwaambia watu kwamba mzungu mzima hawezi kudanganya kwa ajili ya kinga ya bei rahisi. Sikumpelekea Alphonse chakula gerezani hata siku moja.

Sasa tazama: Novemba kaka yangu alikuwa bado ndani. Na Novemba hiyohiyo kinga aliyoiiba ilikuwa hapa Kadutu, mikononi mwa fundi, inapakwa rangi nyeusi.

PH ni Philémon, anayefanyia kazi karibu na soko. Nilikwenda kwake nikiwa nimeshika forku mkononi, na watu wakanipisha njia. Hakukana. Alisema Bwana Polepole alikuja mwenyewe na gari, kinga iko nyuma, debe la rangi liko mbele, akataka iwe nyeusi kabla ya Jumamosi. Philémon aliifungua, akaona alama yangu, akaelewa mara moja ni kinga gani. Nikamuuliza kwa nini miaka minne yote amekaa kimya, na tunasali kanisa moja.

"Mwenye nguvu mpishe," akasema. "Tena niliona B yako pale. Nilizani na weye unajua, unanyamaza sawa siye wote."

Nilimtukana. Nilimtukana yeye, na bomba lake la pampu, na kizazi chake, mpaka wamama wanaouza samaki wadogo wa ndagala wakaanza kuhamisha mabeseni yao. Alibaki ameinamisha kichwa kama mtu anayenyeshewa, na hilo likanizidishia hasira, kwa sababu nilitaka anijibu tupigane.

Siku nne nilifanya kazi ya kinga ile tu, na wateja wengine niliwafukuza. Niliikwangua yote mpaka chuma kikawa kitupu. Nikasugua kutu kwa mchanga na mafuta ya taa, nikanyoosha forku, nikakaza rayon, zile spoki za magurudumu, moja moja mpaka magurudumu yakazunguka bila kuyumba. Pini za pedali zilikuwa zimeshika kwa kutu, nikazigonga huku nikitaja jina la mtu. Chini kabisa, penye gololi za pedali, palikuwa pamebaki rangi ya kwanza ambayo jua halijaigusa, nami nikachanganya makopo matatu mpaka nikapata bluu ileile. Sijawahi kutengeneza kinga vizuri hivyo na sikuifanya kwa upendo. Nilitaka Bwana Polepole aitambue kabla sijafungua kinywa.

Njia nzima mpaka Muhumba nilipanga maneno yangu, ya Kifaransa na ya Kiswahili. Nilijiambia akiniita mwongo nitamjibu hivi, akiita polisi nitamwambia vile. Nilimkuta barazani kati ya masanduku. Aliiona bluu akaiachia kamba aliyokuwa anafunga. Nikamwambia mimi ni mdogo wake Alphonse.

Hakuniita mwongo. Alicheka kidogo, akakaa juu ya sanduku, akanieleza kila kitu. Mtoto wake aliibadilisha kinga na rafiki yake wa Kavumu kwa bunduki ya kupigia ndege, akaogopa kusema. Oktoba baba wa yule rafiki aliirudisha. Alphonse alikuwa amebakiza miezi michache tu, sasa ya nini kurudi kwa hakimu na kuchekwa na wazungu wote wa mji? Basi akaipaka rangi. Alisimulia kama mtu anayesimulia mwavuli aliousahau kanisani.

Nikamwambia nataka barua. Nilisubiri akatae, na nadhani nilitamani akatae. Akatoa karatasi, akaandika kwamba kinga haikuibwa kamwe na kwamba Alphonse hana hatia, akatia sahihi, akagonga muhuri wa kampuni. Nikiziba tundu la tairi natumia muda mrefu kuliko huo. Kisha akasema kinga nimpelekee Alphonse iwe zawadi yake, kwani huko anakokwenda hana haja nayo.

Hapo ndipo hasira ilipotaka kuniua. Kama lingekuwa jambo gumu ningeelewa. Lilikuwa kipande cha karatasi, na miaka minne kilikuwa ndani ya meza yake kikisubiri.

Nikatia tairi nene, nikaomba ruhusa ya safari, nikapanda. Nilipita Kavumu, nikaingia barabara ya mlima katikati ya msitu, mahali pengi nikisukuma, na siku ya pili nikafika Bunyakiri. Alphonse alikuwa mferejini, koleo mkononi. Hana hata miaka arobaini, na nywele zake zilikuwa nyeupe. Akapanda juu taratibu, akanipa mkono wenye udongo, akaitazama kinga muda mrefu. Akainua gurudumu la nyuma, akazungusha pedali, akainamisha sikio.

"Umeifanya muzuri," akasema.

Nikaanza kusema, na sikunyamaza. Nikamweleza juu ya alama, na Philémon, na bunduki ya ndege, na muhuri. Nilipiga kelele mpaka wachimbaji wenzake wakaacha kazi kusikiliza. Nikamsomea barua kwa sauti, neno kwa neno. Nikamwambia tutakwenda kwa mkubwa wa serikali, yaya, kaka yangu, atakupa ruhusa ya mji, utarudi Kadutu mchana watu wakikuona, na kila aliyekuita mwizi nitamwaibisha mbele ya kanisa. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemea koleo.

"Na weye, Bulonza," akauliza, "ulijua siku gani?"

Nikamjibu kwamba nilijua Jumanne ya juma lililopita, nilipovuta forku.

"Basi miaka mine yote, kufika ile mardi, kwako nilikuwa mwizi."

Wachimbaji wakarudi mferejini mmoja mmoja. Alphonse akafuta vidole vyake kwenye suruali, akachukua barua mkononi mwangu, akaikunja kwa kufuata mikunjo yake, akaitia katika mfuko wa shati langu na kuufunga kifungo.

"Iyi karatasi iko yako," akasema. "Miye nilikuwa najua."