Visu vya Ghorofa ya Kumi na Mbili

Mnoa visu alimdharau shemeji yake kwa moyo mmoja. Mume huyo wa mdogo wake waliyembatiza jina la Bwana Nyota hakunywa hata chai mahali kabla ya kufungua simu kuona waliotangulia wamepapa nyota ngapi. Ulimi alikuwa nao, ila kazi ya kuonja alishawaachia wengine.

Mama yao alipokaribia kutimiza miaka sabini, Bwana Nyota akatangaza kwamba mgahawa wa kumpeleka kula chakula cha mchana atauchagua yeye. Akakaa sebuleni kwa mama mkwe wake akionyesha picha: sahani pana kama sinia, na katikati yake kitu kidogo kama kifungo cha koti.

"Hapa ndipo wanapokula watu," alisema. "Ghorofa ya kumi na mbili. Nyota nne na nusu!"

Mnoa visu alipajua, lakini kwa mlango wa nyuma. Kila wiki alizungukia majiko ya migahawa mikubwa na mashine yake ya kunolea, na visu vya pale vilikaa mwaka mzima bila kumhitaji. Vitakuwaje butu na havikati kitu? Nyama ililetwa imekwisha kukatwa na kupikwa, imefungwa kwenye mifuko ya plastiki, ikatumbukizwa maji ya moto, ikamwagiwa mchuzi kwa madaha.

"Shemeji, pale hawapiki, wanapasha," alisema. "Twendeni ule mgahawa wa nyuma ya posta. Visu vyao vimelika mpaka vimebaki vijiti. Wale wanapika."

Bwana Nyota akamtazama kuanzia viatu mpaka kilemba. "Shemeji, wewe noa visu. Mambo ya mezani tuachie sisi."

Mdogo wake akainamia mkoba, akajifanya anatafuta kitu.

Mnoa visu akafyonya. Atakwenda, akajiambia, akamwone anavyoumbuka.

Siku ikafika. Mhudumu mwenye glavu nyeupe akaja kueleza nyama iliyobembelezwa motoni kwa saa kumi na nane.

"Imebembelezwa na nani?" aliuliza mnoa visu.

Mhudumu akamtambua, akaanza kupanga uma upya. Bwana Nyota akacheka kile kicheko cha kumwombea mtu radhi.

Sahani zilipowekwa, Bwana Nyota akazipiga picha juu, ubavuni, na juu tena. Mnoa visu akachoma nyama yake uma. Nje ilikuwa vuguvugu, katikati, barafu. Akamwangalia shemeji yake akitia tonge kinywani. Kule ndani kitu kikalia *kacha*. Shavu likamcheza, machozi yakamlengalenga, lakini akatafuna mpaka mwisho.

"Mnaona ulaini huu?" alisema.

Ndugu yangu, kuna watu watakula barafu na kuisifu, alimradi isemwe waliketi juu! Mnoa visu alikuwa na maneno tayari kwenye ncha ya ulimi, makali kuliko kisu chochote alichowahi kunoa. Akamgeukia mama yake ili naye asikie vizuri.

Mama hakuwa ameigusa nyama. Alikuwa amegeuzia kiti dirishani.

"Njooni muone," alisema. "Kile si kiwanda cha nguo? Nimepiga pasi mle miaka thelathini na moja, sikujua paa lake ni la kijani."

Akaonyesha dirisha la kiwanda alilosimama nyuma yake, na geti walipokuwa wakipekuliwa. Mnoa visu akayameza maneno yake yote. Akamwita mhudumu kwa jicho, akamsogezea sahani ya mama.

"Hii irudi majini," alimnong'oneza. "Na safari hii ingojeeni."

Waliposhuka kwenye lifti, Bwana Nyota alikuwa ameinamia simu akitoa nyota tano.

"Mama, umepapenda?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimepapenda sana, baba. Mwakani unilete tena," alisema mama, akamshika mnoa visu mkono. "Ila tutakula nyumbani kwanza."

Bwana Nyota alisikia mpaka pale kwenye "unilete tena." Akatabasamu, akaendelea kuandika.