Mguu wa Kukanyagia Cherehani

"Shoga, hilo goti lako la chuma linakuuma, au na mimi nikawekewe?"

Ndivyo dobi, jirani wa ukuta mmoja, alivyomuuliza fundi cherehani siku ile, kasimama mlangoni kajishika kiuno. Fundi alikuwa mjane aliyezoea kumeza yake. Mungu amemtoa salama kwenye kisu cha daktari, halafu aanze kulalamika? Aliona ni kukosa shukrani. Akajibu, "Namshukuru Mungu, mwenzangu. Sina neno."

Dobi akaenda kuwekewa la aina ile ile.

Sasa dobi alikuwa amekaa kwa fundi, kwenye kiti cha wateja, fimbo mapajani, akingoja gauni lake lipindwe. Mbele yao alikuwepo bwana wa takwimu kutoka hospitali, aliyekuja kuwaona waliowekewa goti lile.

"Bwana Hesabu," dobi alimwambia, "langu nikipanda ngazi linalia kama mlango wa choo. Wapangaji wote wanajua nimerudi."

Yule bwana alicheka kidogo, kisha akaacha. "Daktari ameona kwenye picha limelegea, mama. Itabidi upasuliwe tena."

Dobi akaikaza fimbo mkononi. Kazi yake ni ya kuinama na kuinuka. "Sasa mlinipa la nini?"

"Lilikuwa jipya, tunalifuatilia. Akiumwa mmoja, huenda ni bahati yake mbaya. Wakiumwa wengi kuliko tulivyotarajia, tunalisimamisha, haliwekwi kwa mwingine. Lakini kila tulipowapigia simu waliotangulia, walisema wazima. Na sisi tukahesabu wazima."

Fundi aliikumbuka sauti ya nesi kwenye simu: hujambo mama, goti linaendeleaje? Naye, kaegemea meza ya kukatia ili mguu upumue: salama tu, mwanangu, sijui nyie. Angeanzaje na maumivu? Mtu akikujulia hali unajibu ya heri kwanza, yanayokusumbua yanafuata. Nesi hakungoja yafuate. Na fundi, kusema kweli, alishukuru kwamba hakungoja.

Yule bwana aliinama akatazama chini ya cherehani. Pedali ilikuwa imeng'aa upande wa kushoto. Upande wa kulia, wa mguu wenye goti la chuma, ilikuwa na vumbi.

"Mama, unakanyaga kwa mguu mmoja?"

"Nimezoea."

"Tangu lini?"

Fundi aliitazama sindano. Angeweza kusema tangu juzi, na nani angembishia? Lakini dobi alikuwa anamwangalia, na ni miaka mingi wanaanika nguo kwenye kamba moja.

"Tangu niliporudi kutoka hospitali."

"Kabla sijakuuliza?" dobi alisema, polepole.

"Kabla. Nisamehe, shoga. Nilidhani ndiyo kumshukuru Mungu."

Dobi alijiinua kwa fimbo. Goti likalia, vile vile alivyosema. Gauni lake lilibaki chini ya sindano, upindo nusu. Akashika fremu ya mlango, akavuka kizingiti mguu mmoja mmoja, akaenda zake.