Ukoo wa Bunduki ya Salvatori

Mwalimu Ezéchias Bisogo hakuwahi kuizoea harufu ya grisi ile. Kwa miaka minne alifanya kazi katika ghala moja la Louisville, akifungua masanduku ya bunduki kuukuu za majeshi ya Amerika ya Kusini, akizipangusa mafuta yaliyoganda kama usaha, na kuandika kila moja ilitoka nchi gani. Alipewa kazi hiyo kwa sababu alisoma Kilatini kwa wamisionari, na maandishi ya Kihispania hayakumshinda. Nembo yenye mti na mnyama mfano wa ngamia asiye na nundu, hiyo Peru. Nyota ndani ya shada, Brazili. Mikono miwili iliyoshikana chini ya jua lenye uso wa mtu, Ajentina; na nembo ikiwa imesagwa, chuma kikabaki kitupu, mara nyingi ni Ajentina vilevile, maana nyingi zilifutwa nembo kabla ya kuuzwa nje. Jumamosi wanunuzi walikuja, wakazipapasa kama mtu apapasavyo shingo ya ndama, wakauliza ni ipi iliyowahi kuua. Mzee aligeuza uso. Alipoacha kazi hiyo alizichoma nguo alizoivalia.

Kisha Salvatori akampigia simu kutoka Westerville, nje kidogo ya Columbus. Huyu alikuwa mjomba wa Rwema, kijana aliyemposa Teta, mjukuu wake ambaye Mwalimu alimtaja kwa fahari kila alipopata wa kumsikiliza. Mahari ingetolewa Buffalo, kwa kuwa Teta alikuwa akisoma chuo kikuu huko Amherst, kitongoji cha mji huo.

"Ng'ombe hatuwezi kumupandisha ndani ya gari, Mwalimu," alisema Salvatori. "Donc, tutaleta kitu cha kusimama pahali pake. Iko bunduki ya baba yangu. Padri mmoja aliipeleka Ubelgiji, sasa jamaa zake wameturudishia. Nayo ndiyo baba alimulindia kaka yako Mizero, mwaka wa sitini na sita, mpaka pumzi ya mwisho."

Mizero alipotea vitani, ng'ambo ya mto wa kwao, miaka sitini iliyopita, na hakuna aliyewahi kusema alimwona akifa. Sasa kaka huyo alikuwa amepata mtu aliyemlinda. Jumapili iliyofuata Mwalimu alisimama kanisani Louisville akaisimulia habari hiyo, na yeye, aliyewafundisha watoto wake kwamba machozi ni ya chumbani, akalia mbele ya watu.

Kwa watu wa milima walikotoka, ng'ombe wa mahari hatolewi bubu. Msemaji hutaja mama yake na bibi yake, na zizi alikozaliwa. Naye anayepokea ana haki ya kuuliza mpaka aridhike. Katika ukumbi wa kanisa pale Buffalo, Salvatori aliitaja bunduki vivyo hivyo: baba yake, mto, Mizero. Wanawake wakapiga vigelegele. Bunduki ikalazwa mapajani mwa Mwalimu.

Kwanza ikamfikia harufu. Kidole chake kikapita juu ya pete ya chuma inayoshika mtutu, kikakuta bonde. Nembo ilikuwa imesagwa, lakini ukingoni miale miwili ya jua ilikuwa imesalia.

"Baba yako aliipata wapi?" aliuliza.

"Kwa askari wa serikali."

"Askari wetu walibeba bunduki za Ajentina lini?"

"Bon, Mwalimu, Wazungu walitutupia takataka yao yote. Unashangaa moja?"

Watu wakacheka. Jibu halikuwa baya. Mwalimu mwenyewe alitamani limtoshe. Akaigeuza bunduki, akatazama bamba la chuma kwenye kitako.

"Nileteeni bisibisi."

"Baba," akanong'ona binti yake Marita, mama yake Teta, "usimharibie mtoto siku yake."

"Ninauliza ukoo. Ni haki yangu."

Mtu akaleta bisibisi kutoka garini. Parafujo mbili zikatoka, bamba likabanduka. Kwenye mti wa kitako, mahali ambapo hakuna mnunuzi anayetazama, palikuwa na maandishi ya kalamu ya risasi yaliyosimama wima kama wanafunzi mstarini. Kule ghalani aliandika hivyo kwenye kila bunduki aliyoisafisha, kwa kuwa vibandiko vya karatasi hupotea. Akampa Marita, aliyejifunza kusoma kwa mwandiko huohuo.

"Soma."

Marita akainamia maandishi. "Ajentina. Nembo imesagwa. E. B., Louisville."

Salvatori akatabasamu kama mtu aliyekamatwa na ndizi ya jirani.

"Mwalimu, hata wewe ulifurahi. Tulisikia ulilia kanisani. Nani ameumia hapo?"

Mwalimu alimtazama mtu yule, suti yake nzuri na msalaba mdogo kifuani, akaona kitu cha kutapisha zaidi ya grisi yote aliyowahi kuipangusa.

"Ulimchukua maiti asiye na kaburi," alisema polepole, "ukamvisha takataka hii ili upate makofi. Rwema, wewe ulijua?"

Kijana akasimama. "Babu, niliendesha gari toka Columbus hadi Louisville kuinunua. Mjomba aliniambia ni pambo la sherehe. Habari ya Mizero nimeisikia leo, na sikuinua mkono kuikatalia. Nisamehe."

"Keti. Posa yako sijaikataa. Lakini leo mahari haikuletwa. Mtarudi na msemaji mwingine na kitu chochote, hata mbuzi, mradi mtaje kweli kilikotoka."

Salvatori akanyoosha mkono. Mwalimu aliutazama mpaka ukashuka wenyewe.

Jikoni alinawa kwa sabuni ya vyombo, mara moja, mara mbili, mara tatu. Teta alisimama kando na taulo, macho mekundu.

"Mikono imetakata, Babu."

"Bado inanuka." Akafungua maji tena. "Jumapili nitasimama kanisani Louisville niwaambie kwamba Mizero hakuna ajuaye alivyokufa. Utakuja?"

Teta akamwekea taulo begani. "Nitakuja," alisema.