Kikosi cha Mezani

Msimu ule timu ya shemeji ilianza kwa kufungwa kila wiki, na tangu dada yangu aolewe sikuwahi kumwona na furaha kiasi kile.

Shemeji alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, na jioni alikuwa kocha wa timu ya kiwanda hichohicho. Kocha anayefungwa hana rafiki. Wenzake wa stoo walimkwepa, wachezaji walimnunia, na meneja alimtazama kana kwamba amemwaga pipa zima sakafuni. Basi akitoka mazoezini alikuja nyumbani moja kwa moja, anakaa mezani na kumwaga vifuniko vya chupa kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga. Kila kifuniko kilikuwa mchezaji. Vya timu yake alivipaka buluu ya kiwandani. Vya wapinzani vilipakwa rangi ya kucha ya dada, kwa kuwa nyumba nzima haikuwa na nyekundu nyingine, na dada mwenyewe ndiye aliyevipaka, kimoja kimoja, ulimi umemtoka nje kidogo kama mtoto wa chekechea.

Mimi niliishi nao. Chumba cha mbele ndicho nilichosukia wateja wangu, dada alikuwa na cherehani yake karibu na dirisha, na meza ya chakula ilikuwa katikati yetu, kwa hiyo hakuna kilichotokea pale kikanipita. Mpira siupendi, na sitajifanya naupenda kwa ajili ya hadithi hii.

Dada naye hakujua kitu. Siku ya kwanza alimwonyesha shemeji kifuniko cha golikipa akamwuliza, "Na huyu anayesimama tu huku nyuma, wenzake hawamlalamikii?" Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Baada ya hapo ikawa desturi. Cherehani inanyamaza, chakula kinapoa, yeye anaeleza, dada anasogeza wekundu pale anapoambiwa. Tulijua kila kitu kuhusu Nyundo, mshambuliaji mwenye kifua kama mlango lakini hana mbio. Tulijua kuhusu Kiberiti, winga mdogo wa mwili ambaye mabeki walimbana kwenye mstari wa chaki wa pembeni hadi akatamani kuingia kwa watazamaji. Shemeji alimwambia dada hata yale ya aibu: kwamba kabla ya mechi tumbo humvuruga, kwamba anaogopa meneja atamnyang'anya timu.

Wanawake wa mtaani kwetu walilalamika kuwa waume zao hawasemi. Dada alikuwa anavuta pumzi na kusema, "Jamani, wangu ananichosha kwa maneno," na ungeona jinsi shingo ilivyomnyooka. Mimi sina mume wa kunichosha. Siku alizosema hivyo, mteja niliyekuwa namsuka alilalamika kuwa nakaza mno.

Kufikia katikati ya msimu timu ilikuwa mkiani kabisa. Jumapili moja mchana shemeji alikaa na vifuniko vyake, akavisogeza, akavirudisha, akachoka, akahamia kwenye kochi akalala mdomo wazi. Dada alipita na kikombe akakigonga, chai ikamwagika mezani. Akavikusanya vifuniko vyote kwenye pindo la kanga yake, akaifuta meza kwa kitambaa, kisha akavirudisha haraka haraka kabla mwenyewe hajaamka.

"Vilikuwa hivyo?" nikamwuliza.

"Karibu na hivyo," akasema, akarudi kwenye cherehani.

Shemeji alipoamka alijikuna shingo, akaja mezani, akasimama. Nyundo alikuwa amerudi nyuma, katikati ya mabeki. Kiberiti alikuwa peke yake mbele, mdogo kama nukta. Shemeji akainama, akavizunguka, akainama tena.

"Hivi nilifika hapa kabla sijalala?" akauliza.

Dada alifungua mdomo kusema kweli. Lakini uso wa mume wake ulikuwa umeanza kuchangamka kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, na moyo ukamlegea.

"Ulifika hapo," akasema. Mimi nikakimbilia jikoni kucheka.

Wiki iliyofuata wakashinda. Wakashinda tena. Wakatoka sare na timu iliyokuwa inaongoza, wakaendelea kushinda. Nyundo kule nyuma hakuhitaji mbio, alihitaji tu kusimama, na kusimama alikuwa anakujua. Kiberiti naye alikuwa akiwapita mabeki wakubwa usawa wa viuno vyao, wakigeuka ameshafunga. Timu ikaanza kupanda kwenye msimamo wa ligi, na watu waliokuwa wamesahau salamu ya shemeji wakaikumbuka. "Kocha!" walimwita kutoka ng'ambo ya barabara, naye akawa anatembea katikati ya njia.

Mechi za mwanzo dada alisherehekea. Alipika, akafunika sahani kwa sahani, akakaa kusubiri. Shemeji alichelewa, kwa sababu kocha anayeshinda ana rafiki kila kona. Tukala bila yeye. Kisha ikawa tunakula bila yeye kila siku.

Halafu akaja Bi Vipimo. Jina hilo walimpa kiwandani kwa sababu kazi yake ilikuwa maabara, kupima uzito wa rangi na kukauka kwake. Aliwahi kucheza mpira shuleni, na sasa timu ilipoanza kunukia ushindi akajitolea kuwa msaidizi wa kocha, akawa anawapima wachezaji mbio zao na mapigo yao ya moyo. Sura alikuwa nayo, na sitasema hakuwa nayo kwa sababu tu dada yangu angependa niseme hivyo.

Jioni moja shemeji aliingia, hakuketi, akalichukua kopo la maziwa juu ya kabati.

"Linakwenda wapi?" dada akauliza.

"Kiwandani. Bi Vipimo ametengeneza ubao mzuri, wa kijani kabisa, na mistari yote. Vitakaa kule."

"Na vyekundu?"

"Vyote."

"Vyekundu ni rangi yangu ya kucha."

Shemeji akacheka, akidhani ni utani, akatoka na kopo kwapani.

Hapo ndipo wivu ulipoingia nyumbani, ukavuta kiti, ukakaa. Dada alinusa mashati ya mumewe yasiyofuliwa, yakanuka rangi. Lakini Bi Vipimo naye alinuka rangi, kwa hiyo hata pua haikumsaidia. Simu ya shemeji ikachukua nafasi ya kopo pale mezani. Ilikuwa ikilia tukiwa katikati ya chakula, anatoka nayo uani, na sisi tunamsikia akicheka kile kicheko cha mpaka kukohoa.

"Dada, wanazungumza mpira tu," nilimwambia.

"Najua wanazungumza mpira. Angekuwa anamshika mkono ningejua pa kuanzia." Aliukata uzi kwa meno. "Anamwambia mambo yote huko. Akifika hapa hana hata neno moja. Hivi unafikiri tumbo lake limeacha kumvuruga? Linamvuruga bado, ila anayejua ni yule."

Akaanza kuwashangilia wapinzani. Hakusema, lakini mimi nilikuwa ndani ya chumba hichohicho. Mechi zilitangazwa na redio ndogo ya mjini, naye aliisikiliza huku akishona. Timu ya mumewe ikifunga, cherehani ilisuasua. Ikifungwa, cherehani ilikimbia, na suruali ya mtu ikapata mshono imara kuliko alioulipia. Ila walifungwa mara chache sana sasa.

Ikabaki mechi moja. Sare tu ingetosha kuwapandisha daraja, na wakipanda, shemeji angetolewa stoo na Bi Vipimo angetolewa maabara, wawe wanasafiri na timu mji hadi mji, msimu mzima. Shemeji alitupa habari hiyo akiwa amesimama mlangoni anavaa viatu. Alidhani tutampongeza wote wawili. Nilimpongeza mimi.

Siku mbili kabla ya mechi redio iliwahoji. Mtangazaji alitaka kujua siri ya kumrudisha Nyundo nyuma na kumweka Kiberiti mbele. Akajibu Bi Vipimo, kwa sauti tulivu ya mtu anayesoma namba. Alisema lile halikuwa jambo la kubahatisha. Alisema wachezaji walipimwa kimo, mbio na nguvu za miguu, na vipimo ndivyo vilivyoonyesha. Mwanamke yule hata njia ya uwanjani alikuwa haijui wakati ule. Mtangazaji akamgeukia shemeji.

"Ni kweli," shemeji akasema. "Bila mwenzangu huyu nisingefika hapa."

Dada akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Mwenzangu," akasema, akilionja lile neno kama chakula kilicholala.

Nikajua anachokiwaza. "Nakuomba, nyamaza mpaka mechi iishe. Mwambie baadaye."

"Baadaye ataniachia nani wa kumwambia? Atakuwa ameshapanda basi."

Alimwambia kesho yake jioni. Shemeji alikuwa anapiga pasi shati lake la benchi pale pale mezani, huku akiimba kwa pua. Mimi nilikuwa napanga nywele za bandia kwenye mfuko, na sikutoka, kwa sababu sikutaka kukosa.

"Ile Jumapili hukufika popote," dada akasema. "Ulikuwa unakoroma. Chai ilimwagika, nikavitoa vifuniko vyako nikafuta meza, nikavirudisha ovyo ovyo. Hakuna aliyepima kitu."

Shemeji aliendelea na kola. "Huo ni wivu."

"Ni wivu. Na ni kweli vilevile."

Pasi ikasimama. "Shemeji," akaniita bila kugeuka. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," nikasema. "Ilikuwa chai ya maziwa."

Sijui kwa nini niliongeza maziwa. Nadhani ndiyo yaliyomfanya aamini. Alipoinua pasi, alama yake ilibaki begani mwa shati, rangi ya kahawia. Nilingoja apaze sauti, na dada naye alingoja; nadhani alikuwa na maneno yake tayari kwa ugomvi wa kueleweka. Shemeji akachomoa waya ukutani.

"Kwa hiyo siku zile nikija hapa nikiwaeleza jinsi nilivyofikiria," akasema, "mlikuwa mnanicheka?"

"Mwanzoni tu," dada akajibu.

Tulikwenda uwanjani, dada na mimi, kwa mara ya kwanza msimu wote. Timu zilipojipanga, minong'ono ikaanza kule majukwaani. Nyundo alikuwa mbele. Kiberiti alikuwa pembeni, kwenye chaki, kama zamani. Bi Vipimo alisimama kwenye benchi akawa anaongea na mikono yote miwili, akionyesha uwanja, akionyesha makaratasi yake. Shemeji alikunja mikono kifuani. Shati lake lilikuwa jipya, halijafuliwa hata mara moja. Alikuwa ameamua kushinda kwa kichwa chake mwenyewe au asishinde kabisa, na nadhani waliolijua hilo uwanja mzima tulikuwa wawili.

Bao la kwanza lilipita pale pale Nyundo alipozoea kusimama. Dada alinishika goti, na sina sababu ya kumfichia ndugu yangu: ilikuwa furaha. Kwa la pili mkono wake ulikuwa bado gotini kwangu, ila umepoa. Kiberiti alibanwa pembeni, akaanguka, akainuka, akalitazama benchi. Nyundo naye aligeuka kuangalia nyuma, sehemu yake, kama mtu aliyesahau mlango wazi. Mzee mmoja nyuma yetu akauliza, "Huyu kocha leo amepatwa na nini?" Likaingia la tatu. Dada akainama akatafuta kitu ndani ya mkoba wake, na hakikuwemo.

Shemeji alikuja nyumbani mapema kuliko alivyowahi kuja tangu waanze kushinda. Jua lilikuwa bado linawaka uani. Hakuwa na mtu wa kumchelewesha. Dada alikuwa amepika, amevaa gauni lake la kijani, amepaka hata kucha. Shemeji aliingia na kopo la maziwa kwapani, akavuta kiti, akalimwaga lote mezani, buluu na nyekundu pamoja, akavisukuma kuelekea upande wa mke wake.

"Panga," akasema.

"Mume wangu, mimi mpira siujui."

"Najua."

"Sasa nipange nini?"

Shemeji aliinuka akaenda jikoni, tukasikia maji. Akarudi na kitambaa cha kufutia meza, amekikamua vizuri, akakilaza kando ya mkono wa dada. Kisha akaketi mbele yake, viwiko mezani, akamtazama vidole. Simu ikalia mfukoni mwake, ikalia, ikakoma, wala hakuigusa. Hakuwa na kazi nyingine wala mtu mwingine. Dada aliokota kifuniko kimoja cha buluu, akakishika juu ya meza, akakipeleka huku, akakipeleka kule, akakosa pa kukiweka.

"Nasubiri," shemeji akasema.